Nyayo za seli: Usingoje figo zikulemee ndipo upimwe mkojo

Mwili wako, msomaji, hautulii hata ukiwa umelala fofofo. Hivi sasa unaposoma ukurasa huu, seli nyingi ndani yako zimo safarini. Seli nyeupe za damu zinapenya kuta za mishipa kwenda kukabili viini vya maradhi. Ukijikata kwa kisu jikoni, seli za ngozi hutambaa kutoka kingo za jeraha hadi zikutane katikati, na ndivyo kidonda kinavyofunga. Hata mtoto aliye tumboni hujengwa kwa safari kama hizo, kwani seli huhama zilikoanzia zikaenda kuunda moyo, mishipa na ubongo.

Sisi tuliosomea udaktari miaka ishirini hivi iliyopita tulifundishwa habari za safari hizo. Jambo ambalo hatukufundishwa ni kwamba seli isafiripo huacha vifurushi njiani, na kwamba vifurushi hivyo vyaweza kusimulia habari za ugonjwa kabla mgonjwa mwenyewe hajahisi lolote. Ugunduzi huo ndio ninaotaka tuuzungumzie leo. Nia yangu si kukugeuza mtaalamu wa maabara. Nataka utusaidie kujibu swali ambalo hunisumbua kila siku kazini: mbona watu wengi wenye kisukari na shinikizo la damu hapa kwetu hawapimwi mkojo mpaka figo zimeshaharibika?

Komamanga ndani ya hadubini

Mwaka wa 2015, kundi la wanasayansi likiongozwa na Profesa Li Yu wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, mjini Beijing, Uchina, lilichapisha habari za kiungo kipya cha seli katika jarida la Cell Research. Walikipa jina la migrasomu, yaani kiungo cha seli inayohama.

Seli haina miguu kama wewe na mimi. Hujivuta mbele, kisha huukokota mkia wake. Mkia huo ukivutwa huacha nyuma nyuzi nyembamba mno. Nyuzi hizo zilikuwa zikionekana kwa hadubini tangu miaka ya 1960, lakini hazikutiliwa maanani sana. Kundi la Beijing liligundua kwamba juu ya nyuzi hizo, na kwenye njia panda zake, hufura vifuko vya mviringo. Ndani ya kila kifuko mna vifuko vingine vidogo zaidi, vimebanana kama punje za komamanga lililopasuliwa. Kifuko kikubwa kabisa kina upana wa takriban sehemu tatu za elfu za milimita, yaani hakifikii hata nusu ya upana wa seli nyekundu ya damu.

Seli ikishaendelea na safari, nyuzi hukatika na vifuko hubaki. Vingine hupasuka na kumwaga vilivyomo. Vingine humezwa na seli zinazopita hapo baadaye. Ni kama abiria anayeshuka garini na kuacha furushi kituoni: yeye huyo amekwenda zake, lakini anayekuja nyuma yake atalikuta, atalifungua, na huenda likabadilisha mipango yake ya siku.

Katika miaka iliyofuata, wanasayansi walianza kufungua mafurushi hayo mmoja baada ya mwingine. Mwaka wa 2019 ilielezwa kwamba viinitete vya samaki mdogo mwenye milia, ambaye hutumiwa sana katika maabara, huhitaji migrasomu ili viungo vyao viumbike mahali panapofaa. Vifuko hivyo vilipopunguzwa, mpangilio wa viungo ulivurugika. Mwaka wa 2021 ikagunduliwa kwamba seli hutumia njia hiyo hiyo kutupa mitokondria zilizoharibika. Mitokondria ndizo zinazoipa seli nishati, na zikichakaa zikabaki ndani huweza kuidhuru seli yenyewe. Mwaka wa 2022 utafiti wa viinitete vya kuku ulionyesha kwamba aina moja ya seli nyeupe za damu huacha migrasomu zinazochochea kuota kwa mishipa midogo ya damu. Na mwaka wa 2024 ilichapishwa kwamba seli nyingine nyeupe huacha katika damu migrasomu zilizobeba protini za kugandisha damu, nazo husaidia kuziba mahali mshipa ulipojeruhiwa.

Kwa hivyo ulichodhani ni takataka si takataka tu. Ni pipa la taka, ni barua, tena ni kisanduku cha huduma ya kwanza.

Upande wa maradhi

Jambo linalofanya kazi njema mwilini aghalabu laweza kufanya kazi mbaya pia. Kama migrasomu zaweza kuotesha mishipa ya damu, tunayo haki ya kuuliza zinafanya nini mahali palipo na saratani, kwani uvimbe wa saratani hauwezi kukua bila mishipa ya kuulisha, na seli za saratani huua hasa zinapohama kutoka zilipoanzia. Kama zina uwezo wa kugandisha damu, tunayo haki ya kuuliza zina mchango gani damu inapoganda mahali isipotakiwa. Watafiti wanayafuatilia maswali hayo na majibu hayajakamilika.

Kuna tafiti mbili, hata hivyo, ambazo zinagusa moja kwa moja maradhi ninayoyaona kila wiki.

Ya kwanza ni ya mwaka wa 2018, kutoka Ujerumani. Panya waliolishwa chakula chenye chumvi nyingi, kisha wakapatwa na kiharusi, waliharibika ubongo zaidi kuliko wenzao waliokula chakula cha kawaida, na katika ubongo wao ulioathirika watafiti waliziona migrasomu. Panya si binadamu, nami sitaki ukimbie ukasema chumvi huzalisha migrasomu katika kichwa chako. Lakini kwamba chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu, na kwamba shinikizo huleta kiharusi, hilo tulilijua zamani na halina ubishi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pia ile iliyo katika mkate, soseji, vibanzi na vidonge vya kukolezea mchuzi.

Utafiti wa pili, wa mwaka wa 2020, unahusu figo, na huo ndio ulionifanya nishike kalamu.

Chujio lisilolia

Kila figo ina vichujio vipatavyo milioni moja. Kwa siku moja figo zako mbili huchuja kiasi cha lita 180 za maji kutoka katika damu, kisha huyarudisha karibu yote mwilini na kukuachia lita moja au mbili za mkojo. Katika kila kichujio mna seli za ajabu zinazoitwa podositi. Zina vidole vingi, na kwa vidole hivyo huikumbatia mishipa midogo ya damu ili maji na uchafu vipite ilhali protini zibaki ndani ya damu. Ni mfano wa chujio la tui: tui lateremka, machicha yabaki.

Podositi hazizaliwi upya kwa urahisi kama seli za ngozi. Zikifa nyingi, chujio hutoboka. Sukari iliyozidi katika damu kwa miaka mingi huzidhuru, na shinikizo la juu huzidhuru pia. Zinapoumia hujivuta na kulegeza vidole vyao. Watafiti wa mwaka wa 2020 waligundua kwamba podositi huacha migrasomu, kwamba migrasomu hizo huonekana katika mkojo, na kwamba katika panya walioharibiwa figo makusudi ziliongezeka hata kabla ya protini kuongezeka katika mkojo.

Tafakari maana ya jambo hilo. Seli iliyojificha ndani kabisa ya mwili inaumia. Mwenye mwili hahisi kitu. Anakula, anakwenda kazini, anapanda ngazi. Lakini habari za kuumia kwake zimeshatoka nje, zimo katika mkojo anaoumwaga chooni kila asubuhi bila kuutazama mara mbili.

Hapo ndipo penye funzo. Kipimo cha migrasomu hakipo katika zahanati ya mtaani kwenu, na sitarajii kukiona huko karibuni. Lakini protini, ambayo ni dalili inayofuata baada ya hapo, inapimika leo. Hupimwa kwa kijiti chenye karatasi inayobadilika rangi kikichovywa katika mkojo. Majibu hutoka kwa dakika moja au mbili, na ni miongoni mwa vipimo vya bei nafuu kabisa katika hospitali yoyote. Kipo kipimo bora zaidi cha maabara, kinacholinganisha albumini na kreatinini katika mkojo, ambacho hunasa uharibifu mdogo ambao kijiti hakiuoni.

Kinachotukosesha usingizi sisi madaktari ni kwamba figo hazilii. Jino likioza utakesha. Figo zaweza kupoteza nusu ya uwezo wake na hata kipimo cha kreatinini katika damu kikaonyesha kana kwamba mambo ni shwari. Mgonjwa hufika kwetu akiwa na miguu iliyovimba, uso uliofura asubuhi, kichefuchefu, pumzi fupi na uchovu ambao amekuwa akiulaumu kwa kazi nyingi au malaria. Ukimuuliza, atakwambia amekuwa na kisukari miaka kumi na amehudhuria kliniki bila kukosa. Amepimwa sukari kila mara. Amepimwa shinikizo. Mkojo? Anafikiri, anatikisa kichwa.

Mama mjamzito hupimwa, mbona si wewe?

Mama mjamzito anapokwenda kliniki, mkojo wake hupimwa protini. Sote twajua sababu: kifafa cha mimba huua, na protini katika mkojo ni mojawapo ya ishara zake. Hakuna anayesema kwamba kijiti hicho ni cha anasa, au kwamba foleni ni ndefu mno, au kwamba muuguzi hana nafasi. Tumekubali kwamba ni haki ya mama, basi. Kwa nini kijiti kicho hicho, kilichoko katika jengo lilo hilo, kisivuke ukumbi na kufika katika kliniki ya kisukari?

Mwongozo wa kitaalamu u wazi. Mwenye kisukari cha aina ya pili apimwe albumini katika mkojo tangu siku anapogunduliwa, kisha kila mwaka. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza aanze kupimwa miaka mitano baada ya kuugua. Mwenye shinikizo la damu naye ana kila sababu ya kupimwa. Si mashauri mapya haya. Kinachokosekana ni kuyatekeleza.

Watakuwapo watakaosema: hata ukigundua, utafanya nini? Figo si zimeshaharibika? La hasha. Ukigundua mapema zipo dawa. Enalaprili na losatani, vidonge vya shinikizo vinavyojulikana sana katika kliniki zetu, hupunguza protini inayovuja na kuchelewesha kuharibika kwa figo, mbali na kuteremsha shinikizo. Daktari atakuuliza kwanza kama u mjamzito, kwa maana dawa hizo humdhuru mtoto tumboni. Kuna pia dawa mpya zaidi za kundi la dapagliflozini, ambazo zimethibitishwa kulinda figo za wenye kisukari na hata za baadhi ya wasio nacho. Fauka ya hayo, mtu akijua figo zake zimeanza kudhurika ataacha kumeza diklofenaki na ibuprofeni kama peremende kila mgongo unapomuuma, kwani dawa hizo za maumivu zaweza kuzimalizia figo zilizokwisha kudhoofika.

Ukigundua umechelewa, njia zinazobaki ni mbili: kusafishwa damu kwa mashine au kupandikizwa figo. Kusafishwa damu, kwa kawaida ya hapa kwetu, ni mara mbili kwa wiki, saa nne hivi kila mara, maisha yote yaliyobaki au hadi upate figo ya kupandikizwa. Mtu wa aina hiyo hawezi kushika kazi ya kawaida. Jamaa zake huuza ng'ombe, kisha shamba, kisha huitisha mchango. Bima ya taifa ya NHIF ililipia huduma hiyo kwa miaka kadhaa, na tangu Oktoba 2024 mzigo huo umo mikononi mwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Ni jambo jema kwamba mgonjwa hasukumwi nje akafe. Lakini kwa fedha za kumsafisha damu mtu mmoja kwa mwezi mmoja, ni vijiti vingapi vya mkojo vingenunuliwa? Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu unajengwa kwa fedha zako wewe unayekatwa mshahara kila mwisho wa mwezi.

Serikali za kaunti, ambazo zimesimamia hospitali nyingi tangu 2013, zaweza kuanza bila kungoja Nairobi. Wanaotembelea nyumba kwa niaba ya afya ya jamii walipewa mikoba mwaka wa 2023, yenye mashine ya shinikizo na kipimo cha sukari. Kijiti cha mkojo nacho kifanywe sehemu ya kazi yao ya kawaida. Na katika kila kliniki ya kisukari, kadi ya mgonjwa iwe na mstari ulioandikwa "mkojo", mwaka hadi mwaka, na muuguzi asiruhusiwe kuuacha mtupu.

Jihadhari na wauza miujiza

Kabla sijamaliza, nikuonye. Kila sayansi mpya inapotajwa magazetini, haukupiti mwezi kabla mtu hajaanza kuuza chupa. Tumeuziwa dawa za "kuamsha seli", chai za "kusafisha figo" na mafuta ya "kuondoa sumu". Sitashangaa nikiona kibandiko chenye neno migrasomu kwenye chupa mtaani. Kufikia sasa hakuna dawa yoyote iliyoidhinishwa inayotibu ugonjwa wa binadamu kwa kuongeza wala kupunguza migrasomu. Utafiti mwingi umefanywa katika vyombo vya maabara na kwa wanyama. Atakayekuuzia tiba hiyo leo anakuuzia jina tu.

Tena baadhi ya mitishamba inayouzwa kwa ajili ya figo ndiyo inayoziua. Duniani kuna mimea, kama ile ya jamii ya aristolochia, ambayo imethibitishwa kuharibu figo na kusababisha saratani ya njia ya mkojo. Ukiwa na kisukari au shinikizo, usinywe chochote usichokijua bila kumwambia anayekutibu.

La kufanya

Kama una kisukari, shinikizo la damu, virusi vya Ukimwi, au kama mzazi au ndugu yako aliugua figo, ukienda kliniki mara ijayo muulize daktari au muuguzi maneno haya: "Je, mkojo wangu umepimwa protini mwaka huu?" Usione haya. Sisi hatukasiriki; na akikasirika mmoja, muulize tena.

Ukiambiwa protini imeonekana, usifadhaike. Homa, maambukizi ya njia ya mkojo au mazoezi makali yaweza kuileta kwa muda. Kipimo hurudiwa, na ikiendelea kuonekana kwa miezi mitatu, hapo ndipo tunasema figo zina tatizo, na matibabu yanaanza. Ukiambiwa haikuonekana, mshukuru Mungu, punguza chumvi, meza dawa zako, na urudi mwaka ujao.

Ukiona mkojo una povu jingi lisiloisha, au macho na miguu ikivimba asubuhi, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyo hiyo.

Wataalamu wa Beijing na kwingineko waendelee kufuata nyayo za seli kwa hadubini zao. Nami nitausoma kila utafiti wanaouchapisha. Lakini nyayo ambazo twaweza kuziona kwa macho yetu wenyewe, kwa kijiti cha karatasi, katika zahanati ya mtaa, hazina sababu ya kungoja. Kikombe cha mkojo wa asubuhi kinatosha kuanzia.